Mtu Akifikiri Haitwi

Usiku ambao Karani hakurudi nyumbani niliiweka simu juu ya cherehani, pale ninapoweka mkasi siku zote, ili macho yakienda yalikozoea yaikute. Haikulia. Mdogo wake alikuwa ameazima pikipiki ya rafiki yake na kwenda kumtafuta. Wifi yangu alikuwa kitandani kwangu anajifanya amelala. Mimi nilikuwa nakunja pindo la sketi ya shule ambalo nilikwisha kulikunja tangu jioni. Nilifumua, nikakunja tena. Mikono ikikosa kazi, kichwa hujitafutia yake, na kazi ambazo kichwa changu hujitafutia usiku si za kumsimulia mtu.

Karani ni binti yangu, mtoto wangu wa kwanza. Jina hilo alipewa na baba yake akiwa hajaanza hata shule, kwa sababu alikuwa akizunguka nyumba na kipande cha penseli sikioni kama makarani wa bohari. Anakuuliza umekula nini, umelala vizuri, halafu anachora mistari yake ukutani na kutikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sasa ni mtu mzima, mhariri katika kampuni inayotoa vitabu vya shule, na jina limemganda. Hata mimi nikimwita kwa jina la vyeti hudhani nimemkasirikia.

Jioni ile bosi wake alinipigia simu. Ni mama mwenye sauti ya taratibu, na sauti ya taratibu ikianza kutafuta maneno inatisha kuliko kelele.

"Mama, Karani ameshafika nyumbani?"

Nikamwambia bado. Ndipo akanieleza. Mchana walikuwa na mkutano wa wafanyakazi wote, na Karani alikuwa amechaguliwa kuwa mfanyakazi bora wa mwaka. Alifanya kazi ya watu wawili na hakuchelewesha hata mswada mmoja. Wakampa cheti, wakamwomba awaeleze wenzake namna anavyoupanga muda wake, anavyosoma vitabu vyote vile, anavyoyaweka mawazo yake sawa. Akasimama, akazungumza vizuri tu. Halafu mmoja wao, si kwa ubaya, akamuuliza utaratibu huo aliuanza lini.

"Akanyamaza, Mama. Tukadhani anafikiri, tukamsubiri. Mara akakiweka cheti mezani, akatoka. Tukajua kaenda msalani. Mkoba wake huu hapa ninao, na simu imo ndani."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa. Si kule kutoka kwake kulikonikalisha. Ni yale maneno: tukadhani anafikiri, tukamsubiri. Maneno hayo yalikwisha kupita katika nyumba hii mara moja, na siku yalipopita tulifiwa.

Mume wangu alikuwa fundi redio. Chumba cha mwisho cha nyumba yetu ndicho tulichokiita kibanda chake, ingawa ni cha matofali. Mlango wake unatazama uchochoro wa nyuma, ili wateja wasipitie sebuleni na kutukuta tunakula. Hakuwa mwepesi. Redio ambayo fundi wa barabarani angeitengeneza mteja akiwa amesimama, yeye aliilaza mezani kutwa nzima. Lakini ikitoka kwake, ilikuwa imetoka.

Siri yake ilikuwa vizibo vya soda. Alikuwa navyo kopo zima. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka ndani ya kizibo chake, na vizibo alivipanga kwa mstari kufuata alivyofungua, ili wakati wa kufunga aanzie mwisho arudi mwanzo.

"Ukifungua ovyo," alikuwa akimwambia Karani, "utafunga, itawaka, utafurahi. Halafu utakuta skrubu moja imebaki mkononi. Hapo ndipo usingizi unapokwisha."

Mawazo nayo aliyaona hivyohivyo. Alisema kichwa kikijaa usikitikise. Kimwage mezani, wazo moja kizibo kimoja, uone una nini. Alisoma chochote alichokutana nacho, magazeti yaliyofungiwa vitu dukani, vitabu vilivyopoteza jalada na kurasa za mbele. Alipenda hasa vile visivyo na mwanzo. Alisema kitabu kisicho na mwanzo kinakulazimisha uutengeneze mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya kusoma. Mimi nilimwambia hiyo ni kazi ya mtu asiye na fedha za kitabu kizima. Akacheka, akaendelea kusoma.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa na kila mtu, na ilikuwa yake: mtu akifikiri haitwi. Mlango wa kibanda ukiwa wazi, ingia, kaa, piga soga. Ukiwa umefungwa, hakuna hodi. Hata wateja walijifunza, wakawa wanaziacha redio zao mlangoni kama watoto wa kuokotwa. Wifi yangu, ambaye ni dada yake, hakuacha kumtania. "Ndugu yangu huyu," alisema, "ukimsikia unadhani anafikiria dunia. Anafikiria betri."

Lakini sheria ile haikuwa ya baba peke yake. Karani akiwa na mtihani, mlango wake nao haukupigwa hodi. Nami nikiwa nimetandaza kitambaa na chaki ipo mkononi, hakuna aliyethubutu kuniuliza chumvi iko wapi. Wanawake wangapi wana heshima hiyo? Ukikosea kukata kitambaa hakuna gundi ya kukirudisha. Mume wangu alilijua hilo bila kuambiwa, na nilimpenda kwa hilo kuliko mambo mengine ambayo watu humpendea mume.

Aliyeshindwa na sheria ni kitinda mimba wetu, ambaye tulimwita Kesho kwa kuwa hiyo ndiyo siku yake ya kazi zote. Ni kinyozi, ana saluni yake karibu na kituo cha mafuta. Baba yake alipokuwa akimhimiza ajifunze kuyapanga mawazo kama dada yake, alijibu, "Baba, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na mimi ndiye ninayezinyoa." Baba yake akaenda zake kibandani, na tuliokuwa ukumbini tulimsikia akicheka peke yake huko ndani.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba, na kusoma kwangu ni kwa kidole. Nafuata mstari, nikifika mwisho nimesahau ulivyoanza. Kwa hiyo nilisomewa. Tangu Karani ajue kusoma, jioni alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani akanisomea kitabu chochote alichokuwa nacho, nami nikikanyaga. Nisipoelewa nilisimamisha gurudumu kwa kiganja, na yeye akajua. Anaanza kunieleza. Akikwama katikati ya maelezo anarudi nyuma, anasoma upya, anaelewa sasa kwa kweli, anacheka. "Mama," aliniambia siku moja, "nikikueleza wewe ndipo najua kama nimeelewa au nimepita tu." Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuyapanga mawazo. Yalimwagika mezani kwangu, katikati ya nyuzi na vifungo.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Mimi nilikuwa nimepeleka sare shuleni. Niliporudi nilipitia uchochoroni kwa sababu mzigo wa vitambaa ulikuwa mkubwa, nikamkuta Karani amekaa kwenye ngazi ya saruji nje ya kibanda, ana kitabu magotini. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaweka kidole mdomoni. "Baba anafikiri," akasema kwa mnong'ono, "namsubiri." Nikatabasamu, nikapita kwa ncha za vidole kama mwizi. Jua lilipokuwa linakaribia kuzama na mlango haujafunguka, ndipo nilipomwambia Kesho asukume. Baba yao alikuwa sakafuni kando ya meza, na redio ya mteja iko pale mezani nusu wazi.

Daktari alisema ni moyo. Alisema ilikuwa ghafla kama taa inavyozimika, kwamba hata angekuwepo mtu isingesaidia. Tulizika. Kibanda nilikifunga kwa kufuli kama kilivyokuwa, sikufagia, sikugusa. Ufunguo mmoja ulikuwa kwangu. Ufunguo wa marehemu hatukuuona tena, na katika msiba vitu hupotea.

Baada ya hapo ndipo Karani akawa mtu ambaye kila mtu alimsifu.

Aliamka kabla ya jogoo. Alifunga kamba ukutani kwake, akawa anabana vikaratasi kwa vibanio vyangu vya nguo, kila kikaratasi na kazi yake: cha kusoma, cha kuandika, cha kujibu, cha kukumbuka. Kikiisha anakitoa, anabana kingine. Alisoma akila. Alisoma akipiga mswaki. Akitembea alitia vitu masikioni akasikiliza mtu mwingine akisoma. Nikimuuliza kwa nini hapumziki, alisema muda ukiachwa wazi unaingiwa na vumbi.

Wifi yangu alifurahi. "Afadhali huyu," alisema. "Wengine wakifiwa hulala kitandani mwaka mzima wakisubiri kuletewa uji. Huyu amesimama."

Nami nilitamani kuamini hivyo. Lakini mama wa watoto hana likizo ya macho. Niliona kwamba anageuza kurasa kwa mwendo mmoja, kitabu kiwe cha kuchekesha au cha msiba, kama mtu anayehesabu matofali. Nilikuwa nikimuuliza, "Kinahusu nini hicho?" Akajibu, "Kizuri, Mama." Basi. Kigoda chake kando ya cherehani kikawa cha kuwekea vitambaa. Niliona pia kwamba hapiti tena uchochoroni, hata mvua ikinyesha na njia ya mbele imejaa maji. Na machozi sikuyaona. Siku ya mazishi alikuwa anaandika majina ya waliokuja, ili tujue wa kuwashukuru.

Mara moja nilimwambia, "Mwanangu, unakimbia."

Akanitazama kwa upole. "Nakimbilia wapi, Mama? Nipo hapa nimekaa."

Kamba ile ilijaa vikaratasi, na kwa kidole changu nilivisoma vyote alipokuwa kazini. Kila kitu kilikuwemo. Siku za kuzaliwa, dawa zangu za presha, miswada, saluni ya Kesho na bili yake ya umeme. Baba yake hakuwemo hata kwenye kimoja. Nikarudi kwenye cherehani nikajiambia, labda huyo amemweka mahali pengine.

Kesho alirudi kulipokucha, macho mekundu kwa vumbi. Alikuwa amekwenda hospitali zote mbili, kituo cha polisi, na kwa rafiki wa Karani waliyesoma naye. Hakuna aliyemwona.

"Umeuliza vizuri?" wifi akasema, amekaa kitandani na kanga yake begani. Usingizi wake wa kuigiza ulikuwa umeisha. "Au umeuliza kikesho-kesho?"

"Shangazi, nimeuliza mpaka polisi wakaanza kuniuliza mimi."

"Wakakuuliza nini?"

"Kwa nini nalia."

Nikamwambia Kesho anywe chai, nikabeba beseni la maji machafu kwenda kuyamwaga nyuma. Sikuwa na sababu ya kuyamwaga saa hiyo. Nilitaka tu kutoka mbele ya ile simu.

Nilipofungua geti dogo la uchochoroni niliona kitu, lakini sikujua nimeona nini. Nikamwaga maji, nikageuka, nikatazama tena. Mlango wa kibanda haukuwa na kufuli. Ile pete ya chuma ilikuwa inaning'inia tupu. Niliposukuma, mlango ulikataa. Ulikuwa umefungwa kwa komeo, kutoka ndani.

Ufunguo wa marehemu haukuwa umepotea, alikuwa nao Karani. Usiku kucha mwanangu alikuwa nyuma ya ukuta wetu, na sisi tunamtafuta mjini.

Mkono ulipanda kugonga, ukabaki hewani. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kugonga mlango ule ukiwa umefungwa. Ningesema ni woga, lakini haikuwa woga peke yake. Mwili ulikuwa umefundishwa.

Nikarudi ndani kuwaambia. Kesho alimwaga chai. Tukasimama watatu uchochoroni kama wateja.

"Nivunje, Mama?"

"Usivunje."

"Basi nimwite."

"Usimwite kwanza."

"Sasa tufanye nini, tumpigie makofi?"

"Wewe funga mdomo," shangazi yake akamwambia, "ukafungue saluni."

"Nitafungua kesho."

Hakuna aliyecheka, ila nilishukuru kwamba amesema. Na wakati huohuo, ndani, kitu kidogo cha bati kikagusa meza. Kikagusa tena, kikaburuzwa. Sote tulisikia. Wifi akanishika mkono, vidole vyake vya baridi.

"Ni vizibo," akasema. "Yuko hai."

Nikawaomba waniache. Nilichukua ile sketi yangu na sindano ya mkono, nikaja kukaa kwenye ngazi ya saruji, mgongo umeegemea ukuta. Sikujua nitasema nini. Mimi nikitaka kufikiri lazima nishike kitambaa. Mawazo yangu hayakai kwenye kamba. Yanapita kwenye vidole, moja baada ya jingine, na likikwama naling'ata kwa meno kama uzi. Nikashona. Jua likaja mpaka kwenye miguu yangu. Mtu mmoja akapita na ndoo, akanisalimia, akashangaa, akaenda.

Mwishowe nikasema, si kwa sauti kubwa, "Karani, nimeleta kazi yangu hapa. Sina mtu wa kunisomea."

Vizibo vikaacha kusogea.

"Mama." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Umekaa wapi?"

"Hapa kwenye ngazi."

"Upande gani?"

"Wa ukutani."

"Hapo ndipo nilipokaa."

"Najua, mwanangu. Nilikukuta."

"Hujui. Ulinikuta mwishoni." Nikasikia akivuta kiti, sasa sauti yake ilikuwa karibu, nyuma ya ubao wa mlango tu. "Nilikuwa nimeleta kitabu cha kwanza nilichokihariri, chenye jina langu ndani. Kilikuwa kimetoka kiwandani siku ileile. Nilitaka baba awe wa kwanza kukiona. Nikakuta mlango umefungwa. Nikasema sawa, anafikiri, nitumie muda vizuri. Nikaanza kukisoma upya, natafuta makosa."

Sindano ilikuwa imesimama mkononi mwangu.

"Nikapata kosa, Mama. Herufi moja imerukwa, ukurasa wa katikati. Niliumia mno, nikawaza nitawaambia nini kazini. Na nilipokuwa naumia na hiyo herufi nikasikia vizibo vinaanguka. Vingi. Vilimwagika kama mvua kwenye bati. Baba hakuwahi kuangusha vizibo."

"Hakuwahi," nikasema.

"Nikainua kichwa. Nikasema moyoni, leo atakasirika, asiguswe kabisa. Nikageuza ukurasa." Akapumua. "Nikageuza ukurasa, Mama. Baadaye kikasikika kitu kizito, nikasema ameweka kiti aviokote. Nikasoma mpaka mwisho wa kitabu. Tangu hapo nikikaa bila kusoma navisikia. Nikisoma sivisikii. Jana kijana mmoja kazini akaniuliza nilianza lini, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilianza nilipogeuza ukurasa."

Kama ningekuwa mtu wa vitabu labda ningepata neno. Mwaka mzima nilidhani mwanangu anamkimbia marehemu, kumbe alikuwa amekaa naye kwenye ngazi hii kila siku, kitabu magotini, anasubiri mlango ufunguke. Vitabu vyote vile vilikuwa ukurasa mmoja.

"Daktari alisema ilikuwa ghafla," nikasema.

"Madaktari wanawaambia watu wote hivyo."

"Labda."

"Wewe unaamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mtoto huyu ananijua. Nilipokuwa sielewi kitu alikitambua kwa gurudumu kusimama. "Sijui, mwanangu. Siku nyingine naamini. Siku nyingine siamini. Najua tu kwamba ningekuwa mimi hapa, ningesikia vile vizibo, nami ningekwambia nyamaza, baba anafikiri. Hata Kesho angenyamaza. Hivyo ndivyo tulivyompenda. Hatukuwa na namna nyingine."

Nikasikia pumzi, halafu nikasikia sauti niliyokuwa nimeingojea tangu siku ya mazishi, na nilipoipata sikuipenda. Alilia kama mtu asiyejua kulia, kwa vipande, anajizuia, anaachia. Mkono wangu ulikuwa juu ya ubao, ubao ulikuwa unatetemeka. Nami nililia upande wangu. Sketi ya mtoto wa watu ikalowa.

Alipotulia akasema, "Nimeviokota vizibo vyote, na skrubu zake. Niliviokota gizani, kwa kupapasa. Nilitaka niifunge ile redio. Najua alivyokuwa akifanya, kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Lakini vimechanganyika, Mama. Sijui kilianza kipi."

"Hakuna anayejua."

"Yeye alijua."

"Yeye alijua," nikakubali. "Fungua mlango, Karani."

"Sitaki kutoka," akasema. "Nikitoka nitabana kikaratasi kingine. Najijua."

Nikainuka, magoti yakilalamika. Nilimfikiria mume wangu na sheria yake. Ilikuwa sheria nzuri. Iliniruhusu kukata kitambaa kwa amani, ilimsomesha Karani, ilimpa yeye mwenyewe maisha aliyoyataka. Na ilimwacha afe peke yake sakafuni huku bintiye amekaa karibu kiasi cha kusikia. Vyote viwili ni kweli, na sina kizibo cha kuviweka pamoja.

Nikakunja ngumi, nikagonga.

"Hodi," nikasema.

Ndani kiti kilisogea. Nadhani na yeye alishtuka. Neno lile halikuwahi kusemwa pale.

"Hodi."

Mwisho wa uchochoro Kesho alikuwa amesimama, hakwenda saluni, na shangazi yake nyuma yake ameweka kanga mdomoni.

"Hodi."

Mgeni mwenye adabu akipiga hodi ya tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, nikawafundisha wanangu. Nikasimama pale. Nikaisikia redio ya jirani ikizungumza peke yake. Nikagonga tena, kwa kiganja kizima sasa.

"Hodi, Karani. Hodi, mwanangu. Siondoki."

Komeo likalia. Lilikuwa na kutu, likavutwa, likakwama, likavutwa tena. Mlango ukaja kiasi cha mkono kupita, na mkono ndio uliotoka kwanza, mweusi kwa vumbi la mwaka mzima, kucha moja imevunjika. Katika kiganja kulikuwa na kizibo kimoja, na ndani yake skrubu tatu ndogo.

"Hizi zimebaki," akasema. "Sijui ni za wapi."

"Hata mimi sijui," nikasema. Nikazipokea pamoja na mkono wenyewe, na mlango ukafunguka wote.